Mjukuu kaandika mbayuwayu hurudi Oktoba, akapewa sifuri. Huku Lubumbashi "printemps" (majira ya machipuko) ni lini?

Kambo_wa_Kafubu

Jambo yenu wote. Mniwie radhi kwa urefu. Naandika kwa simu ya binti yangu, naye hayuko, kwa hiyo leo hakuna wa kuninyang'anya.

Mjukuu wangu wa miaka kumi alirudi kutoka masomo (shule) Ijumaa na karatasi ya mtihani. Swali lilikuwa: mbayuwayu hurudi wakati gani? Yeye kajibu mwezi wa kumi, kabla kidogo ya mvua. Mwalimu kavuta mstari mwekundu, na pembeni kaandika: "mwezi wa tatu, printemps." Sifuri juu ya mbili. Mtoto hakulia. Aliniuliza tu, "Kambo (ndivyo huku tunavyomwita bibi), kumbe daftari lako linadanganya?"

Hapo ndipo paliponiuma, maana lile jibu alilitoa kwangu.

Nieleze daftari. Nilikuwa muuguzi wa wazazi miaka 31. Mkono wangu ulizoea kuandika tarehe, saa, joto, mapigo ya moyo, hata usingizini. Nilipostaafu 2016 sikuwa na mgonjwa wa kumwandika, basi nikaanza kuandika lupango (kiwanja cha nyumba) letu hapa mtaa wa Katuba na shamba langu dogo kule kwenye dembo (bonde la nyasi lenye maji) la Kafubu ninakolima lengalenga na matembele. Mwewe wa kwanza. Jani jekundu la kwanza. Masuku, yale matunda ya pori, ya kwanza sokoni na bei yake. Mvua ya kwanza, na kama ililowesha udongo au ilitupiga vumbi tu. Watu wa nyumbani wananicheka, lakini wakitaka kujua siku ya kupanda mahindi wanakuja kuuliza daftari.

Sasa nimelifungua tena tangu mwanzo. Mbayuwayu kwenye waya wa mtaa wetu: 2018, Oktoba 14. 2021, Oktoba 9. 2023, Oktoba 17. Mvua ya kweli ilifuata baada ya wiki moja, mbili, mara moja tatu. Mwezi wa tatu ninaouona humu ni wa kuondoka: "waya mtupu", nimeandika hivyo miaka minne, mwishoni mwa Machi au Aprili ikianza. Ila kuna mwaka mmoja unaonichanganya. Mwaka 2020 nimeandika Agosti 30, "mbayuwayu wanajenga chini ya bati." Agosti! Ama nilikuwa na homa, ama kuna kitu sijui.

Halafu kitabu cha mtoto nimekitazama. Kuna picha ya printemps: theluji imeyeyuka, maua yametoka kwenye majani mabichi, mbayuwayu wawili angani. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini maua yetu hayatoki hivyo. Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Agosti, moto ulipita kwenye kichaka nyuma ya matuta yangu. Siku ya tisa nilikwenda kuangalia uzio. Majivu yalikuwa bado yanapanda kwenye viatu, kila kitu cheusi, na katikati ya weusi ule kulikuwa na ua jeupe limekaa chini kabisa, halina bua, kana kwamba mtu kalidondosha akapita. Nilipiga goti nikadhani nitaliokota. Halikung'oka. Lilikuwa limeshika ardhi kama kitovu. Na harufu yake! Nilirudi na magoti meusi, dereva wa basi akaniuliza kama nimeanguka.

Wiki mbili baadaye miti ya muputu, ile mikubwa ya pori letu, njia ya Kipushi ikavaa majani mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama mvinyo, na tangu Aprili hakuna tone lililoanguka. Wanapata wapi maji? Na jacaranda hapa mjini ndiyo hizi sasa, barabara nzima zambarau, watoto wanakanyaga maua yanalia "po, po."

Basi swali langu: daftari lina haki au kitabu? Na hii printemps, ambayo kamusi inaiita majira ya machipuko, sisi tunayo au tunaisoma tu?

Likasi_Mstaafu

Mama, jambo. Nimefundisha jiografia hadi chaki ikanimaliza mapafu, kwa hiyo niruhusu.

Kitabu kina haki kwa Ubelgiji na Ufaransa. Daftari lina haki kwa Lubumbashi. Na uzuri wenyewe ni kwamba vyote viwili vinamzungumzia ndege yuleyule! Mbayuwayu mwenye koo jekundu huzaa Ulaya, kisha baridi ya kule ikikaribia na wadudu wakipungua, anavuka bahari na Sahara kuja kwetu, na wengine wanaendelea hadi Afrika Kusini. Ana uzito wa gramu kama 20. Machi wewe unaandika "waya mtupu", na wiki chache baadaye mtoto wa Ubelgiji anapiga kelele kwamba wamefika. Mlikuwa mnapokezana, hamkujua.

Jambo hili lilithibitishwa mapema. Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, mtu mmoja alimvalisha mbayuwayu pete ndogo mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini, pete ikiwa bado mguuni. Fikiria, Lubumbashi yenyewe ilianzishwa 1910. Mji ulikuwa bado mahema na vumbi.

Kuhusu Agosti 30: hukuwa na homa. Umewaandika ndege wawili kwa jina moja. Yule wa Ulaya hajengi hapa hata siku moja, yeye huku ni mgeni wa kula tu. Anayejenga chini ya bati lako ana kichwa cha rangi ya kutu na kifua cheupe chenye mistari myeusi myembamba kama karatasi ya hesabu. Kiota chake ni cha udongo, mviringo kama kibuyu, na mlango wake ni mrija. Huyo ni Mwafrika mtupu, na hurudi mapema, Agosti au Septemba. Mtazame vizuri utamjua.

Na kitu kimoja cha kumwonyesha mjukuu. Mbayuwayu wa Ulaya akifika Oktoba anaonekana amechakaa, kwa sababu manyoya ya safari anayabadilisha akiwa huku kwetu. Mkia ni mfupi, umechanikachanika. Mtazame tena mwezi wa tatu: mgongo buluu unang'aa, mkia una nyuzi mbili ndefu. Anaondoka kwetu na nguo mpya. Mimi huwatazama jioni kule Tshangalele, lile ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha, wanashuka kwenye matete kama mtu amemwaga pilipili manga.

Miti sasa. Sisi tuko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta. Tangu mwisho wa Juni jua linarudi kuelekea kwetu, siku zinaongezeka, Septemba 22 au 23 mchana na usiku vinalingana, na mwisho wa Oktoba jua linapita juu ya utosi wetu kabisa. Mvua inalifuata jua kwa nyuma. Muputu na ndugu zake hawangoji. Mizizi imekwenda chini sana, na shina lenyewe limeweka maji. Joto likipanda wanatoa majani kwa akiba hiyo, ili mvua ya kwanza iwakute wako kazini. Wekundu ule unasaidia kulikinga jani changa na jua wakati halijajaza kijani chake. Kwa hiyo ndiyo, Mama, machipuko tunayo, na huwa Agosti hadi Oktoba, katika ukavu ule ambao mgeni anadhani nchi imekufa.

Masomo usiende na hasira. Nenda na daftari.

Kituo_Bel_Air

Umeme hatuna siku ya nne leo, nyinyi mnahesabu ndege.

Kambo_wa_Kafubu

Mwanangu, mbayuwayu hukaa kwenye waya hata kama haupitishi kitu. Angalau kuna anayeutumia.

Mwalimu wa Likasi, aksanti sana. Nimepanda kiti nikaangalia chini ya bati. Kibuyu kile kipo, na mrija wake. Miaka yote hii nilikuwa nakifagia nikidhani ni nyigu.

Kinga_na_Makala

Jambo yenu bote. Miye niko mutu wa makala (mukaa), njia ya Kasenga, kila siku na kinga (baisikeli) yangu, magunia tatu nyuma, ya ine inaniua mugongo. Nimesoma mambo ya Mwalimu nikacheka kidogo, juu (sababu) shi batu ba makala printemps tunaijua na shoka.

Ukikata muputu mu mwezi wa saba, muti iko mukavu, shoka inalia "ka, ka." Mwezi wa nane ikienda kuisha, unapiga muti ileile, hakuna jani hata moja juu, kumbe ndani imeisha kulowa. Shoka inalia sauti ya chini. Mukononi unasikia ubaridi. Miti ya vile ukiweka mu tanuru inatoa moshi mingi na makala kidogo. Baba yangu alikuwa anasema "pori imeanza kunywa", anaacha kukata wiki mbili tatu. Sikujua ni maji inapanda mbele ya majani. Nilizani ni ukaidi ya muti.

Na niwaambie ya ndege. Mwaka niliyoanza hii kazi, mwezi wa kumi, magaribi, jua imeisha kushuka lakini kuona bado unaona. Natosha (natoa) makala mu tanuru. Kikapita kintu juu ya kichwa bila sauti, na nyuma yake binafuata bitambaa bibili byeupe, birefu, binacheza mu hewa kama utepe ya bibi harusi. Kikarudia tena. Mama yangu! Nilisema ni mulozi, nikaacha kinga na magunia, nikakimbia mpaka ku njia kubwa. Kesho yake muzee moja akaniambia ni ndege ya usiku, mwanaume anatosha ile manyoya mirefu ya kutafutia bibi, mvua ikikaribia. Kisha anaenda zake. Sasa nikimwona namusalimia.

Najua mutasema shi ndio tunamaliza pori. Sikatae. Wakati nilianza nilikuwa natoka asubui, saa sita niko Bel Air na makala. Leo nalala njiani usiku moja. Lakini na nyinyi mwambie bukari (ugali) yenu inaivia ku nini, juu ya umeme ya huyu ndugu wa siku ine? Kitu nimeona: kisiki nikiacha chini, kisichomwe kila mwaka, kinarudisha matawi, na ile matawi ya mutoto ndio nyekundu kupita zote. Baba aliniachia pahali moja pa vile. Sipakate.

Likasi_Mstaafu

Ndugu wa makala, umefundisha darasa zima leo. Shina kujaa maji kabla ya majani ni kweli kabisa, nami nilikuwa nalisema kutoka kitabuni tu. Na ndege wako ni wa jamii ya kirukanjia. Huzaa huku kwetu mwisho wa kiangazi, kisha huenda kaskazini ya ikweta. Zile tepe mbili ni unyoya mmoja kila bawa, na madume tu ndio wanao, kwa majira hayo tu.

Dada_wa_Nguba

Mimi niko Bukavu na nawaonea wivu. Kwetu kiangazi ni kifupi, Juni hadi Agosti, na Septemba mvua imesharudi. Milima haikauki hadi ikawa nyeusi, miti haivui nguo yote, kwa hiyo hakuna siku unayoweza kusema "leo pori limeamka." Mwanangu angeulizwa swali lile asingekuwa na la kujibu.

Ila ndege wanatushitua. Oktoba kwenye uwanja wa mpira hapa chini wanakuja wale wembamba wa kifua cha manjano, wanaokimbia kwenye majani wakitikisa mkia. Wako nyuma ya ng'ombe, wako nyuma ya mpira, golikipa anawafukuza kwa kofia. Na hao pia wanatoka Ulaya. Machi wanazidi kuwa wa manjano, wanang'aa kama ndimu mbivu, halafu asubuhi moja uwanja una watoto tu.

Kambo, lile ua lililokataa kuokotwa limenikaa kichwani. Ni ua gani?

Kilima_cha_Shaba

Nijibu hilo, nasoma kilimo hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwa maelezo ya Kambo (jeupe, harufu tamu, chini kabisa, baada ya moto) nadhani ni gardenia ya chini, Gardenia subacaulis. Halikung'oka kwa sababu lile si jani la mwaka mmoja. Ni mti, lakini mti wake uko chini ya ardhi: shina na matawi yamejificha kwenye udongo ambako moto haufiki, na kinachotokeza juu ni ncha tu. Kwenye madembo yetu mimea ya namna hiyo ni mingi. Moto unafagia majani makavu, ua linabaki wazi, na mdudu analiona toka mbali.

Pia Kambo, ongeza ukurasa wa Machi na Aprili kwenye daftari, maana si maua yote yanafuata Septemba. Vile vilima vitupu unavyoona katikati ya pori, visivyo na mti, ni shaba. Udongo wake una sumu kwa miti, basi kumebaki nyasi na maua yaliyozoea. Mvua ikienda kuisha kunatoka ua dogo la buluu-zambarau, Haumaniastrum katangense, linaloitwa ua la shaba. Ni ndugu wa rihani. Watafutaji wa madini walilifuata, na wachimbuaji wa mambo ya kale pia, kwa sababu linaota hata pale wazee wetu walipoyeyushia shaba zamani, juu ya masalio ya tanuru. Kuna na lingine la manjano linalopenda kobalti, jina lake lenyewe linasema: Crotalaria cobalticola. Tatizo ni kwamba yanaota juu ya kile kile kinachochimbwa. Kilima kikiondoka, na ua limeondoka.

Kambo_wa_Kafubu

Narudi kuwapa habari.

Nilikwenda masomo Jumatano, na daftari kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu mbingu ilikuwa inatishia. Mwalimu wa mtoto ni kijana, mpole, shati limepigwa pasi kwa makala, nililiona tundu dogo kwenye kola. Nilimwekea daftari mezani nikamwonyesha miaka. Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza, "Mama, kwenye waya upi?" Nikamwambia. Akasema yeye anapita pale kila siku na hajawahi kuinua macho. Kisha akanieleza kwamba mtihani unafuata kitabu, na alama zimeshapelekwa juu, hawezi kuzigusa. Sifuri imebaki sifuri. Mjukuu wangu kasema haina neno, lakini mimi bado ina neno kwangu, niseme ukweli.

Kitu kimoja alikifanya. Jana kawaambia watoto wote wa darasa watazame waya njiani wakirudi, na atakayeona wa kwanza aje na tarehe na saa. Binti yangu anasema sasa watoto wanatembea shingo nyuma kama kuku wanaokunywa maji, wawili wamegongana na mama wa mandazi.

Ndugu wa makala, baba yako alijua. Pahali pale usipakate.

Kiota sikifagii tena. Tangu asubuhi wale wa mistari wanaleta udongo kutoka pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, donge moja kwa moja, dogo kama punje ya dengu. Nimehesabu safari 40 kabla ya uji kunipozea.

Na leo nimeandika hivi, nanakili kama ilivyo: "Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Waya wa kona. Mmoja. Koo jekundu, mkia mfupi, umechanika upande wa kushoto. Mvua bado. Aliyeona ni mjukuu."